Mwani na Nguvu ya Jua

1. Mmea tunaoukanyaga

Watoto wapenzi, nani kati yenu hajapata kuteleza juu ya jiwe la mto? Mtoto huenda kuchota maji. Huweka mguu juu ya jiwe, na mara yuko chini, ndoo imemwagika. Husema: «Jiwe hili ni baya!» Lakini jiwe halina kosa. Kilichomtelezesha ni mimea midogo sana iliyoota juu ya jiwe. Mimea hiyo huitwa mwani.

Mwani hauna mizizi ya kweli, wala shina, wala maua. Kuna mwani wa nyuzi ndefu za kijani, kama nywele zinazochezacheza majini. Kuna mwani wa utando wa kahawia unaofunika mawe. Tena kuna mwani mdogo hata jicho haliwezi kuuona mmoja mmoja. Lakini ukiwa mwingi, maji ya bwawa hugeuka kijani.

Msiudharau mwani kwa sababu ni mdogo. Wadudu wadogo wa majini hula mwani. Samaki hula wadudu hao, na samaki wengine hula mwani wenyewe. Nasi hula samaki. Tazameni sambaza wa Ziwa Kivu. Samaki hao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, na leo wavuvi huwavua usiku kwa taa. Sambaza hula wadudu wa majini, na wadudu hao huishi kwa mwani. Basi mtoto wa Sake alaye sambaza kwa ugali anakula nguvu ya jua iliyoshikwa kwanza na mwani.

Je, mwani hushikaje nguvu ya jua? Na jua likiwa kali mno, mwani hufanya nini? Hayo mawili ndiyo somo letu.

2. Jiko la mwani

Mama hupika kwa moto wa kuni. Mwani hupika kwa mwanga. Huchukua maji, huchukua hewa ya ukaa iliyoyeyuka katika maji, na kwa nguvu ya mwanga huvigeuza kuwa sukari. Sukari hiyo ni chakula chake. Katika kazi hiyo hutoka hewa njema, oksijeni, ambayo samaki na sisi tunaivuta. Kazi hii huitwa usanisinuru. Majani ya mahindi na ya maharagwe hufanya kazi iyo hiyo.

Mwaka 1779 mganga mmoja Mholanzi, jina lake Jan Ingenhousz, alionyesha kwamba mimea hutoa hewa njema mahali penye mwanga tu. Gizani haitoi. Hivyo ilijulikana kwamba mwanga ndio moto wa jiko hili.

3. Rangi zinazoshika mwanga

Mwanga wa jua waonekana mweupe, lakini una rangi nyingi ndani yake. Mvua ikinyesha na jua likiwaka, rangi hizo hutengana, nasi huona upinde wa mvua: nyekundu, njano, kijani, bluu na nyinginezo.

Ndani ya mwani mna rangi ya kijani iitwayo klorofili. Klorofili hushika hasa mwanga mwekundu na mwanga wa bluu. Mwanga wa kijani huuacha kwa sehemu kubwa, nao hurudi machoni petu. Ndiyo sababu tunauona mmea kuwa kijani.

Mwaka 1882 mtaalamu Mjerumani Theodor Wilhelm Engelmann alilihakikisha jambo hili kwa akili nyingi. Alilaza uzi mmoja wa mwani chini ya hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo. Akautandazia mwanga uliotengwa kama upinde wa mvua: upande huu wa uzi ukapata nyekundu, katikati kijani, upande ule bluu. Kisha akatia majini vijidudu vidogo vinavyopenda oksijeni. Vijidudu vikakusanyika wapi? Vikakusanyika penye nyekundu na penye bluu. Penye kijani vilikuwa vichache. Basi pale mwanga uliposhikwa sana, ndipo oksijeni ilipotoka sana.

Pamoja na klorofili, mwani huwa na rangi nyingine za kusaidia: za njano, za machungwa, za kahawia. Nyingine hushika mwanga ambao klorofili huuacha. Nyingine zina kazi ya ulinzi, nasi tutaiona mbele.

4. Mstari wa wabebaji wa mawe

Mwaka 1932 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emerson na William Arnold, walichukua mwani mdogo wa mviringo uitwao Chlorella. Wakaumulikia kwa mimweko mifupi sana ya taa, wakapima oksijeni iliyotoka. Wakakuta ajabu. Kwa kila mmweko, chembe 2,500 hivi za klorofili zilitoa chembe moja tu ya oksijeni. Je, hizo nyingine ni vivivu?

Hapana. Fikirini siku ya kujenga kanisa. Mawe yako mtoni, ukuta uko juu ya kilima. Wakristo hupanga mstari toka mtoni hadi ukutani. Wa kwanza huokota jiwe, humpa wa pili, wa pili humpa wa tatu, mkono kwa mkono, mpaka jiwe lifike kwa fundi mwashi. Wabebaji ni wengi, fundi ni mmoja. Wabebaji hawajengi, lakini bila wao fundi angekaa bure.

Ndivyo ilivyo ndani ya mwani. Mamia ya chembe za klorofili na rangi za kusaidia hukaa karibu karibu, zikizunguka mahali pamoja pa kazi. Mwanga ukiangukia chembe moja, chembe hiyo huipa jirani yake nguvu ile, jirani naye humpa jirani, mpaka nguvu ifike mahali pa kazi. Hapo ndipo maji huvunjwa, oksijeni hutoka, na kazi ya kutengeneza sukari huanza.

Lakini jueni tofauti. Jiwe ni kitu, lina uzito. Nguvu haina uzito wa kushikwa mkononi. Tena wabebaji wa mawe huenda polepole, lakini nguvu huruka upesi kupita fikira. Gaweni sekunde moja mara milioni. Kisha chukueni kipande kimoja tu, mkigawe tena mara milioni. Muda mdogo kama huo watosha kwa mruko mmoja toka chembe hadi chembe.

Nguvu hiyo haizunguki ovyo. Mto Lowa huanza katika vilima vya Masisi, hushuka msituni hadi Walikale, kisha huenda kumwaga maji yake katika Lualaba. Maji hayapandi mlima, hushuka. Vivyo hivyo nguvu hushuka: hutoka kwenye rangi zenye nguvu kubwa kidogo, huenda kwenye zenye nguvu ndogo kidogo, mpaka mahali pa kazi. Kila mruko hupoteza kidogo kuwa joto, lakini kidogo tu. Nyingi hufika.

5. Mwanga ukizidi

Sasa rudini kwenye mstari wetu. Asubuhi mawe huja moja moja. Fundi huweka jiwe, hungoja jingine. Kazi huenda vizuri.

Saa sita ya mchana watu wa mtoni wamepata bidii. Mawe huja mengi, upesi upesi. Fundi hawezi kupita upesi wa mikono yake. Ameshika jiwe moja, la pili limefika, la tatu limefika. Mbebaji wa mwisho amelemewa. Kama hana mahali pa kuliweka jiwe, litamwangukia mguuni.

Ndivyo yanavyoupata mwani katika jua kali. Mahali pa kazi pana upesi wake, wala hapawezi kuuzidisha. Mwanga wa mchana huleta nguvu nyingi kupita kiasi. Nguvu hiyo ikikaa muda mrefu katika klorofili bila kazi, huweza kuingia katika oksijeni iliyo karibu na kuifanya kuwa kali sana. Oksijeni kali hiyo huunguza sehemu za mwani. Hata mahali pa kazi penyewe huvunjika kwa jua, na mwani hulazimika kupatengeneza upya mara kwa mara.

Basi mwanga ni chakula, na mwanga ni hatari. Mwani hauna miguu ya kukimbilia kivulini. Utajiokoaje?

6. Njia tatu za nguvu

Mungu Mwumba ameuwekea mwani njia tatu za kuitoa nguvu iliyoshikwa.

Njia ya kwanza ni kazi. Nguvu hufika mahali pa kazi, hutengeneza chakula. Hii ndiyo njia njema kuliko zote.

Njia ya pili ni joto. Nguvu iliyozidi hugeuzwa kuwa joto kidogo, na joto hilo huchukuliwa na maji. Ni kama mbebaji aliyeona mawe yamezidi, akayaweka chini taratibu kando ya njia. Jiwe halikujenga ukuta, lakini halikumvunja mtu mguu. Katika jua kali sana, nguvu inayotolewa kwa njia hii huweza kuwa zaidi ya nusu ya yote iliyoshikwa.

Njia ya tatu ni mng'ao. Klorofili hurudisha nguvu kidogo kuwa mwanga mwekundu hafifu. Ni sehemu chache tu katika 100, wala hatuuoni kwa kuwa jua linashinda. Lakini vyombo vya wataalamu huuona. Hata setilaiti zinazozunguka juu ya dunia hupima mng'ao wa mwani wa baharini, na kwa huo wataalamu hujua hali yake.

Je, mwani hujuaje kwamba saa ya kufungua njia ya joto imefika? Mwani una kengele yake. Kazi ya mwanga inapoendelea, uchachu, kama ule wa ndimu, huongezeka ndani ya vyumba vidogo vya kijani. Mwanga ukiwa wa kiasi, uchachu hutumika, haujai. Mwanga ukizidi, uchachu hujaa. Uchachu huo ndio kengele. Mara rangi za njano zilizo kando ya klorofili hubadilika kidogo, nazo husaidia kuitoa nguvu iliyozidi kuwa joto. Katika mwani wa kahawia uitwao diatomu, badiliko hilo hufanyika kwa dakika chache. Wingu likifunika jua, uchachu hupungua, rangi hurudi kama zilivyokuwa, na njia ya joto hufungwa.

Njia hiyo haifungwi mara moja. Wingu likija ghafla, kwa muda mfupi mwani huendelea kutupa nguvu ambayo sasa ungeihitaji. Hiyo ni hasara. Lakini afadhali hasara kidogo ya chakula kuliko kuungua.

7. Maji ya Masisi na maji ya Walikale

Masisi ni nchi ya juu. Vilima vyake vina malisho mapana ya ng'ombe, na jua huangukia maji bila kizuizi. Huko yako maziwa ya Mokoto: Ndalaga, Lukulu, Mbalukia na Mbila. Karibu nayo watawa Watrapisti kutoka Ubelgiji walianzisha monasteri mwaka 1954. Mwani unaoelea juu ya maziwa kama hayo hupigwa na jua lote la mchana. Kwake shida si kukosa mwanga. Shida ni kuutoa uliozidi. Kwa hiyo huwa na rangi nyingi za ulinzi.

Walikale ni nchi ya chini, nchi ya msitu mkubwa. Vijito vingi hupita chini ya miti iliyofungamana. Mchana kweupe, chini ya msitu mzito kama huo huweza kufika sehemu 1 au 2 tu za mwanga katika 100. Tena majani ya juu yamekwisha kushika mwanga mwekundu na wa bluu. Unaobaki una kijani zaidi. Mwani wa vijito hivyo una shida nyingine: ni maskini wa mwanga. Kwa hiyo huongeza wabebaji. Hujaza klorofili na rangi za kusaidia, ili chembe yo yote ya mwanga isipotee. Diatomu, zile za utando wa kahawia juu ya mawe, zina rangi ya kahawia inayoweza kushika sehemu ya mwanga wa kijani na kuupitisha kwa klorofili.

Ukiutoa ghafla mwani wa kivulini na kuuweka juani saa sita, huumia. Una wabebaji wengi, lakini fundi wake ni wachache, na ulinzi wake ni mdogo. Mwani uliozoea jua, ukiutia gizani, hufa njaa. Kila mmoja umejipanga kwa mwanga wa mahali pake, na mwanga ukibadilika polepole, nao hujipanga upya.

Katika Ziwa Kivu mwani hupata taabu zote mbili. Wakati wa kiangazi, upepo huyakoroga maji kwenda chini sana, makumi ya mita. Mwani hupelekwa pamoja na maji: sasa uko juu katika jua kali, baadaye uko chini katika giza, kisha hurudi juu. Lazima ufungue na kufunga njia yake ya joto mara nyingi. Diatomu huiweza kazi hiyo vizuri, nazo huongezeka majira hayo.

8. Kazi yetu

Watoto, mwani waweza kujilinda na jua, lakini hauwezi kujilinda na sisi.

Tukilima kilima cha Masisi bila kuacha mistari ya majani ya kuzuia udongo, mvua huchukua udongo na kuutia mtoni. Maji huwa mazito na mekundu. Mwanga haufiki kwenye mawe ya chini. Mwani hukosa moto wa jiko lake, wadudu hukosa mwani, samaki hukosa wadudu. Na kwa kuwa maji ya Masisi hushuka Walikale, kosa la mlimani huweza kuwa njaa ya bondeni.

Tukikata miti yote ya ukingo wa kijito, jua huingia ghafla. Mwani wa kivulini huumia, maji hupata joto, na samaki waliozoea maji ya baridi huondoka. Acheni miti ya ukingoni isimame.

Wenye mabwawa ya samaki nao wajue kipimo. Maji ya kijani ni mazuri, kwa kuwa kijani ni chakula. Lakini mbolea ikizidi, mwani huzidi. Mchana hutoa oksijeni nyingi. Usiku hakuna mwanga, nao huvuta oksijeni kama samaki. Alfajiri oksijeni imekwisha, na samaki huonekana wakihema juu ya maji, au wamekufa.

Mwanga kidogo mno ni njaa, mwanga mwingi mno ni moto. Samadi kidogo ni chakula, samadi nyingi ni mauti. Mungu ameweka kipimo katika viumbe vyake, hata katika utelezi wa jiwe. Nasi tushike kipimo.

Majaribio

La kwanza. Jazeni chupa nyeupe maji safi ya mto, mtie ndani nyuzi za mwani wa kijani. Iwekeni juani asubuhi. Tazameni viputo vidogo vinavyoshika nyuzi na kupanda. Viputo hivyo vina oksijeni. Kisha ifunikeni chupa kwa kitambaa cheusi saa moja. Viputo vyafanya nini?

La pili. Hili afanye mwalimu mwenyewe, mbali na moto wo wote. Aponde majani mabichi, ayaloweke katika alkoli kali ya zahanati, ayachuje kwa kitambaa. Aweke maji hayo ya kijani katika glasi juani. Ukiitazama glasi jua likiwa nyuma yake, ni kijani. Ukisimama upande ule ule wa jua na kuweka kitu cheusi nyuma ya glasi, huona wekundu wa giza. Huo ni mng'ao wa klorofili. Wabebaji wametawanywa na alkoli, fundi hayupo, njia ya joto imeharibika; basi nguvu nyingi zaidi hutoka kuwa mwanga mwekundu.

La tatu. Kwenye bwawa la samaki, pamoja na mtu mzima, tieni mkono majini kiganja kikiwa wazi. Kiganja kikipotea machoni maji yakifika kwenye kiwiko, mwani ni wa kiasi. Kikipotea mapema, mwani umezidi: msitie samadi tena kwa siku kadhaa. Kikionekana bado, samadi haitoshi. Lakini maji yakiwa mekundu kwa udongo, kipimo hiki hakifai.

Maswali

1. Kwa nini mtoto huteleza juu ya jiwe la mto?
2. Taja vitu vitatu ambavyo mwani hutumia kutengeneza chakula.
3. Vijidudu vya Engelmann vilikusanyika penye rangi gani? Kwa nini?
4. Katika mfano wa mawe, wabebaji ni nani? Fundi ni nani?
5. Nguvu ya mwanga ina njia tatu za kutoka. Zitaje. Ni ipi inayolinda mwani zaidi katika jua kali?
6. Kengele ya mwani ni nini?
7. Mwani wa kijito cha Walikale na mwani wa ziwa la Masisi hutofautianaje? Kila mmoja una shida gani?
8. Mkulima wa Masisi aweza kuwasaidiaje wavuvi wa Walikale?

Kazi ya nyumbani

Tazama jiwe moja mtoni kila siku kwa juma moja. Andika rangi ya utando wake, andika kama pana kivuli au jua, na kama maji ni safi au yana udongo. Siku ya nane, soma maandiko yako mbele ya wenzako.